Visu Vyangu Kumi na Tisa Kwenye Ukuta wa Asmani

Amri ilisema fundi wa baiskeli awe na kisu kimoja cha jikoni, basi. Mimi nilikuwa navyo kumi na tisa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha jikoni.

Nikavipeleka vyote kwa mwanaume mwingine.

Kila Ijumaa jioni nilikwenda kuvitembelea. Nakalishwa kwenye kigoda, napewa chai, natazama ukuta. Kama baba aliyeachika, anayeona watoto wake mwenye nyumba akipenda.

Cheka kama unataka. Na mimi ningecheka, kama lingempata mtu mwingine.

Naitwa Bahizire. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Kivu ya Kusini, nikavuka kuja Rumonge mwaka wa uhuru nikiwa na mke mmoja, Marguerite, na pampu moja ya baiskeli. Shule niliiacha mwaka wa tatu. Sikujuta. Baiskeli haimuulizi fundi alifika darasa la ngapi.

Visu vilinianza hivi. Msafiri mmoja alipinda gurudumu njia ya Minago, nikamnyooshea, mfukoni hakuwa na kitu. Akanipa kisu kidogo chenye mpini wa mpingo. Kilikaa mkononi mwangu kama kilikuwa kinanisubiri.

Basi. Kuna watu wanashikwa na pombe, mimi nilishikwa na visu.

Nilikuwa na kisu kilichofuliwa kwa springi ya gari la Mbeleji. Nilikuwa na cha kukunja, cha mzungu wa mashamba ya michikichi, aliyeondoka kwa haraka akasahau hata miwani yake. Nilikuwa na kimoja kutoka Ujiji, kimepinda kama mwezi mchanga.

Sikuwahi kukata hata papai kwa visu hivyo. Nilivipaka mafuta, nikavipangusa, nikavitazama. Shida ya mtu ni nini?

Halafu akaja Esha.

Esha ni kisu. Mpini wake ulikuwa jino la kiboko, mweupe kama maziwa yaliyoanza kuganda. Wembe wake mwembamba, una mstari wa buluu mgongoni. Mtu wa Baraka aliyekuwa naye alisema jina lake ni Esha, na mimi sikuona sababu ya kumbadilisha.

Sikuwa na kitu cha kumpa yule mtu isipokuwa baiskeli yangu mwenyewe. Nikampa.

Fundi wa baiskeli akaanza kutembea kwa miguu. Mji mzima ulicheka hadi Gatete wakasikia.

Marguerite hakucheka. Alimtazama Esha, akanitazama mimi. Akasema, "Kisu kina jina. Mimi miaka yote hii unaniita 'wewe'."

Nikachukua kitambaa, nikaendelea kumpaka Esha mafuta. 

Amri hazikuja siku moja. Zilikuja kama maji yanayopanda ufukweni, leo yanalowesha kidole, kesho kifundo.

Kwanza walisema sokoni hakuna kuuza kisu bila karatasi ya ruhusa kutoka ofisi ya komini. Wauza visu wote wakageuka wauza vijiko. Ukitaka kisu unauliza kijiko, unaambiwa pita nyuma.

Kisha wakasema kisu kisizidi urefu wa kiganja. Polisi wa soko alikuwa anapima kwa kiganja chake mwenyewe. Ole wako ukutane na polisi mwenye mkono mdogo.

Kisha wakasema usitembee na kisu kama hutoki wala huendi kazini.

Mwisho, mwaka mmoja kabla ya balaa, wakasema nyumba moja kisu kimoja na panga moja la shamba. Anayetaka zaidi aende kueleza kazi yake.

Nikaenda kueleza.

Karani aliitwa Hyacinthe, kijana wa shati jeupe. Nyuma yangu palikuwa na watu wengi benchini. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia.

"Fundi wa baiskeli," akaandika. "Na baiskeli siku hizi zinachinjwa?"

Benchi zima likacheka.

Akauliza sababu ya kuwa na visu kumi na tisa. Nikamwambia navipenda. Kalamu ikasimama hewani.

"Bwana Bahizire, hakuna mtu anayependa visu kumi na tisa. Iko mtu anayevitafutia kazi."

Nilitoka pale nimevimba kama chura. Mtu wa kuchoma anahitaji kisu kimoja tu, tena hata bisibisi inamtosha. Mimi nina kumi na tisa kwa sababu sitaki kumchoma mtu. Mwelezee karani hilo uone.

Nani aliruhusiwa? Mvuvi, kisu kimoja cha samaki. Mkata michikichi, panga lake. Na mwenye bucha, visu vyote anavyohitaji kwa kazi, ruhusa ina muhuri.

Mwenye bucha mtaa wetu alikuwa Asmani.

Babu yake alitoka Ujiji zamani za Wajerumani. Asmani alizaliwa Rumonge, akachinja Rumonge, na kisu chake kimoja kilikuwa kibaya hadi nilikuwa nakwepa kukitazama. Mpini umefungwa kamba ya nailoni, wembe umeliwa kama jino la mzee. Mtu huyo ndiye serikali ilimpa ruhusa ya visu. Mtu asiyejua kutofautisha kisu na mwiko.

Nilimwonea wivu kabla hata sijampelekea kitu.

Lakini alikuwa jirani mwema. Nilipomweleza shida yangu akasema lete, ukuta ninao.

Kwetu kisu hakitolewi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mwenzako anaokota, anakupa kitu kidogo, hata sarafu moja. Bila sarafu, kisu kitakata urafiki wenu. Bibi yangu aliniambia hivyo, na bibi yangu hakuwa mtu wa mizaha.

Asmani alicheka, lakini alifanya. Mkewe, Biasha, alileta sarafu zake za kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Nikaweka kisu chini, Asmani akaokota, akanipa sarafu. Nikaweka kingine. Mara kumi na tisa. Esha nilimweka wa mwisho.

Nikamwambia asivitumie. Avipake mafuta tu.

"Baba Bora," akaniambia. Bora ni binti yangu. "Kisu kisichokata ni kijiko."

"Vitakuwa vijiko basi. Usivitumie."

Akaapa.

Ijumaa za kwanza zilikuwa nzuri. Visu vilining'inia ukutani nyuma ya bucha, safi, kila kimoja na msumari wake. Mimi nafundisha, Asmani anasikiliza. Hiki ni chuma cha springi. Hiki ni cha Ujiji, babu yako angekijua.

Kosa langu lilikuwa kufundisha vizuri.

Asmani akaanza kuvipenda.

Ijumaa moja nikakuta amevipanga upya. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mwanga wa asubuhi unaingia kutoka upande wa ziwa, kwa hiyo chenye mstari wa buluu kikae pale. Nikatazama. Alisema kweli.

Iliniuma sana. Mtu akikuibia utapiga kelele. Mtu akimpamba mpenzi wako vizuri kuliko wewe utasema nini?

Kisha wakaanza kuja wageni. Watu wa Minago wakija kununua nyama walipitishwa nyuma kuona. Madereva wa malori ya mawese walikuja. Mzee mmoja alitoka Bugarama kwa miguu. Wote walisema neno moja: tumekuja kuona visu vya Asmani.

Visu vya Asmani!

Siku moja mteja kaniletea baiskeli, akaniuliza mimi, Bahizire, kama nimeshaona visu vya Asmani. Nilimkazia breki hadi gurudumu likakataa kuzunguka.

Halafu ikaja Idi. Asmani akachinja, akagawa nyama, akatuletea sehemu yetu kama kila mwaka. Nikaitazama ile nyama. Ilikuwa imekatwa safi, bila nyuzi, kama sabuni.

Kisu chake kile kibovu hakiwezi kukata hivyo.

Nikatoka mbio na mkono una mafuta ya nyama. Nikamkuta anamfuta Esha kwa kitambaa, taratibu, anaimba kwa pua.

"Umemtumia."

Hakukana. Alisema alisimama mbele ya mbuzi, akatazama kisu chake cha kamba, akaona aibu. Akasema mnyama naye ana haki ya kufa chini ya kisu kizuri. Akasema, "Baba Bora, ungemwona anavyopita. Kama anapita kwenye maji."

Sikuwahi kumwona Esha anapita popote. Miaka yote ile. Mwanaume mwingine ndiye alimjua anavyokata.

Usiku ule sikula. Marguerite alikula nyama yote, akasema tamu.

Jumatatu yake nikaenda bucha wakati Asmani yuko mnadani. Nilibeba jiko langu la mkaa na spoku moja ya baiskeli. Nikaichoma spoku hadi ikawa nyekundu, nikavishusha visu vyangu, nikaandika jina kwenye kila mpini. BAHIZIRE. Herufi kubwa. Shule niliiacha mapema, lakini jina langu nalijua.

Nililizamisha ndani kabisa ili hata akipiga msasa lisitoke.

Esha nilimwandika mwisho. Jino la kiboko linanuka vibaya likiungua.

Asmani aliporudi alisimama mlangoni. Nilidhani atanipiga. Alimchukua Esha tu, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Umemchoma uso," akasema.

Nikamwambia sasa mji mzima utajua ni wa nani. Yeye akasema mjini wanaojua kusoma ni wachache. Nikamwambia hao wachache wananitosha.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa 1972.

Mwisho wa mwezi wa nne balaa likashuka ufukweni. Watu wenye mapanga waliingia mjini, waliua. Kisha wanajeshi wakaja, wakaua zaidi, na hawakuacha upesi. Sitasimulia yote. Waliopoteza watu wao wanajua kuliko mimi, na sitaki kuwafundisha msiba wao.

Nitasema kilichonihusu. Watu walianza kusema kwamba kati ya wale wenye mapanga wako waliotoka Kongo. Kweli au uongo, lilisemwa. Kuanzia siku hiyo Mkongomani ufukweni alikuwa mtu wa kuulizwa, na wengi waliochukuliwa kuulizwa hatukuwaona tena.

Na kisu sasa hakikuwa tena habari ya kiganja wala ya karani Hyacinthe. Ukikutwa na kisu kisicho na maelezo, maelezo yalikuwa wewe mwenyewe.

Nilifunga kazi. Tulikaa ndani. Marguerite alitoka mara mbili kwenda kwa Biasha, akarudi bila kusema alifuata nini. Mimi nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Unadhani nilikuwa nawaza nini? Wanajeshi? Watoto?

Nilikuwa nawaza Ijumaa. Kwamba Ijumaa imepita sijaviona visu vyangu. Kwamba Asmani yuko navyo peke yake.

Asubuhi moja nikashindwa. Nikapita nyuma ya nyumba, kichwa chini, hadi bucha.

Asmani alikuwa ameketi kwenye kigoda changu. Ukutani visu vilikuwepo vyote. Lakini mipini ilikuwa imebadilika.

Kila mpini ulikuwa umevikwa ngozi ya mbuzi. Ngozi ile wenye bucha wanayoishona ikiwa mbichi, halafu ikikauka inabana kama mfupa. Mishono midogo, karibu karibu.

Hakuna BAHIZIRE hata moja.

Damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia umenifuta. Umesubiri watu wameshikwa na msiba, ukanifuta.

Akasema kwa sauti ya chini, "Rudi nyumbani, Baba Bora. Leo si siku ya kutembelea."

Nikamrukia Esha, nikaanza kuing'ata ile ngozi kwa meno. Asmani akanishika shingo. Tukaanguka juu ya gogo la kukatia nyama. Wanaume wawili wazima, mmoja ana mvi, tunang'ang'ania ngozi ya mbuzi, na upande wa Gatete moshi unapanda.

Hatukusikia kamyo, lori la jeshi, ikisimama.

Walikuwa wanajeshi sita. Mkubwa wao alikuwa mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alitutazama, akatazama kisu kilichoanguka sakafuni, akatazama ukuta. Akahesabu kwa mdomo bila sauti.

"Hivi visu ni ya nani?"

"Vyangu," Asmani akasema. Alikuwa ameshasimama, ameshajifuta vumbi. "Mimi ni mwenye bucha, shefu. Ruhusa hii hapa, ina muhuri."

"Kumi na tisa?"

"Mnyama ana viungo vingi."

Yule mkubwa akageuza kidole kwangu. "Na huyu? Munapigania nini?"

Sasa sikiliza vizuri. Nilijua walivyokuwa wanawafanya watu wa kwetu. Nilijua lafudhi yangu peke yake inatosha kunipandisha kamyo. Na pamoja na hayo yote, mdomo ulifunguka, na ulikuwa na neno moja tu.

Vyangu.

Nilikuwa nalitoa. Ulimi ulikuwa umeshagusa meno. Kumsikia Asmani anasema "vyangu" mbele ya watu, na muhuri, na mimi nimekaa chini kwenye damu ya ng'ombe, niliona afadhali nife ijulikane.

Kofi likanipiga kisogoni hadi nikaona nyota.

Marguerite. Alikuwa amenifuata nyuma ya nyumba.

"Shefu, usipoteze wakati na huyu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mwanamke aliyechoka na ndoa, wala haikuwa ya kuigiza. "Amekuja kuombaomba utumbo. Huyu na kisu? Huyu akiona kitunguu kinakatwa analia. Kuku wetu tunapeleka kwa jirani kuchinjiwa."

Asmani akadaka hapo hapo. "Wiki nzima ananisumbua. Ni fundi wa baiskeli, shefu, lakini hata baiskeli yake mwenyewe hana."

Mmoja wa wanajeshi akacheka. Akacheka na wa pili. Mkubwa wao hakucheka, lakini kidole chake kilishuka.

Akamchukua Esha kutoka sakafuni. Kidole gumba chake kikapita juu ya ngozi, mara moja, mara mbili. Pale pale. Juu ya herufi zangu.

"Ngozi ya nini hii?"

"Ya mbuzi, shefu. Damu inateleza. Bila ngozi kisu kinamponyoka mtu."

Akaagiza gunia liletwe. Kisha akamtupa Esha ndani ya gunia. Wakavishusha na vingine, na kile kibovu cha kamba, wakatia vyote mle. Wakamwambia Asmani na yeye apande, akaeleze vizuri zaidi.

Asmani aliomba kunawa mikono. Wakamruhusu. Alinawa taratibu, kila kidole, akajifuta kwa kitambaa kile kile alichokuwa anamfutia Esha. Akapanda.

Hakunitazama. Nilidhani ni kiburi.

Marguerite aliniburuta nyumbani kwa shati. Tulipoingia ndani nikaanza kupiga kelele. Kwamba amenidhalilisha. Kwamba Asmani ameniibia mbele ya macho yangu na mke wangu amemsaidia.

Akafunga mlango. Akanitazama kama anavyotazama mchele wenye mawe.

"Ulitaka wasome jina lako?"

Nikapapasa kisogo. Yeye akaendelea.

"Mkongomani. Visu kumi na tisa. Jina kwenye kila kisu, umeandika mwenyewe kwa herufi kubwa. Ulitaka wasome?"

Nikakaa chini.

Akanieleza. Siku ya pili ya balaa Asmani alimchinja mbuzi wake wa mwisho. Hakumchinja kwa nyama, alitaka ngozi. Biasha akaja kumwita Marguerite na sindano yake kubwa ya magunia. Wakashona wawili, siku mbili.

Nikauliza kwa nini hakuvitupa ziwani. Akasema Asmani alifikiria. Lakini visu vile vinajulikana kutoka Minago hadi Bugarama. Vikikosekana ataulizwa amempa nani. Na mtu akiulizwa hivyo kwa fimbo, jina litatoka. Bora vikutwe, viwe vyake.

"Alisema hivi," Marguerite akasema. "Mimi nina muhuri na babu wa Ujiji, mimi wataniuliza. Yeye hawatamuuliza, watamuua tu."

"Na kwa nini hamkuniambia?"

"Ungekataa. Ungesema ngozi ya mbuzi inaharibu jino la kiboko."

Nilitaka kubisha. Ningesema hivyo hivyo, neno kwa neno.

Akaanza kufunga nguo za watoto kwenye kitenge. Akiwa amenipa mgongo akasema, "Huyo Esha wako nilimvalisha mimi. Nilimshona hadi shingoni. Nimengoja siku hiyo miaka mingi."

Kesho yake tulivuka ziwa kwa mtumbwi wa mvuvi, tukaenda kwa kaka yake Marguerite, Uvira. Nilikaa huko nikiziba matairi ya watu na kusubiri habari.

Habari ilikuja polepole. Kwanza kwamba Asmani yuko hai. Kisha kwamba wamempiga. Kisha kwamba wazee wa msikiti wamekwenda kumwombea, wakaeleza ukoo wake na kazi yake. Kisha kimya. Alitoka baada ya miezi kumi na mmoja, na niliposikia, tukarudi Rumonge.

Nilimkuta mbele ya nyumba yake anauza mawese kwa chupa. Bucha ilikuwa imefungwa kwa mbao. Amekonda, na alipocheka niliona pengo.

Ruhusa ilikuwa imefutwa. Tena walimwandikia kwamba asishike kisu tena, cha kazi wala cha jikoni. Biasha ndiye alimkatia hata muhogo. Siku ya Idi, mtu aliyechinjia mtaa mzima maisha yake yote alisimama pembeni, mikono nyuma, kijana mwingine akachinja vibaya.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani tangu Uvira. Yote yakapotea. Nikamsalimu amahoro, yaani amani, akajibu amahoro, tukakaa.

Mwishowe akasema, "Visu vyako sina. Walivichukua. Nirudishie sarafu zangu."

Nilidhani anatania. Akanyoosha mkono. Nilikuwa nazo, zimefungwa kwenye kitambaa, nilizibeba hadi Uvira na kuzirudisha. Sikujua kwa nini. Nikamhesabia zote.

Akachukua kumi na nane. Ya mwisho akanisukumia.

"Hiyo ya Esha. Ibaki."

Nikamwambia sikujua kama atataka kuniona tena. Akafunika chupa ya mawese, akafikiri.

"Bibi yako alisema kweli, Baba Bora. Visu vimetukata kila mahali. Hapa tu ndipo havikupita." Akagusa kigoda chake, kisha changu.

Kuna watu wakisikia habari hii husema wivu wangu ulimtesa Asmani. Sikubali. Waliomtesa ni waliomtesa, wana mikono yao. Lakini wivu wangu ulimpa kazi ya kushona, hilo nalikubali. Na ile "visu vya Asmani" iliyoninyima usingizi ndiyo iliyoniacha hai. Kama mji ungevijua kwa jina langu, kama nilivyotaka, nisingekuwepo.

Mwenye kijiba cha roho nimwambie hivi tu: kabla hujaandika jina lako juu ya kitu, uliza nani atakuja kulisoma.

Gharama ilikuwa hii.

Visu kumi na tisa, na kile cha kamba, ishirini.

Mbuzi mmoja.

Miezi kumi na mmoja ya Asmani, na meno yake matatu ya mbele.

Bucha. Kazi aliyoachiwa na baba yake, na baba yake na babu wa Ujiji.

Mimi nilibaki na sarafu moja, na kisu kimoja cha jikoni, kama amri ilivyotaka. Marguerite anakatia vitunguu. Sasa namwita kwa jina.

Na ukipita Rumonge leo, ukawauliza wazee, watakuambia palikuwa na visu hapa, vizuri sana, havijaonekana tena vya namna ile. Uliza vilikuwa vya nani.

Watasema vya Asmani.

Bado inaniuma.